Nani Ashike Usukani? Jinsi Wazo la Kiongozi Lilivyogeuka Enzi kwa Enzi

Kuna chombo kilichong'oa nanga yapata miaka 2,400 iliyopita na hadi leo hakijafika bandari. Mwenye chombo ni pande la mtu, hakuna baharia anayemfikia kwa kimo wala kwa nguvu, ila masikio yake ni mazito, macho yake hayafiki mbali, na elimu yake ya bahari ni haba. Mabaharia wanagombania usukani. Hakuna hata mmoja aliyesomea unahodha. Tena wanashikilia kwamba unahodha haufundishiki, na anayesema unafundishika wako tayari kumkatakata. Wanamlewesha mwenye chombo, wanauteka usukani, wanaifakamia shehena. Pembeni amekaa mtu mmoja anayezijua nyota, pepo na majira ya mwaka. Huyo wanamcheka: domokaya, mkodolea nyota.

Chombo hicho ni cha Plato, nacho kimo katika kitabu cha sita cha Jamhuri yake. Mfano huo haujazeeka kwa sababu umebeba karibu kila swali ambalo watu wamekuwa wakiulizana kuhusu uongozi tangu wakati huo. Kinachomfanya mtu awe kiongozi ni nguvu, ujuzi, au kukubalika na wenzake? Uongozi mtu huzaliwa nao au hujifunza? Na wale mabaharia, mbona katika masimulizi mengi hawana majina?

Historia ya maswali haya husimuliwa kama ngazi. Chini kabisa wako wafalme waliojiita wateule wa mbingu, juu yao mashujaa, juu zaidi wasomi na takwimu zao, na kileleni tuko sisi, tulioerevuka. Mimi ngazi hiyo siioni. Ninachoona ni ukuta uliopakwa rangi juu ya rangi: ukikwangua kidogo tu, rangi ya chini inachungulia. Na kila tabaka lilipakwa na mtu mwenye sababu zake, mara nyingi mtu aliyekuwa ametoka kuumizwa na uongozi wa namna fulani. Ndiyo maana nadharia ya uongozi husomeka vizuri zaidi ukijua kwanza mwenye nadharia alikuwa anakimbia nini.

Hofu ya Plato, kifungo cha Ibn Khaldun

Mchukue Plato mwenyewe. Aliishi Athens, mji ulioamua kwamba kazi nyingi za utawala anaweza kuzifanya raia yeyote (raia maana yake mwanamume huru; wanawake na watumwa hawakuhesabiwa). Kwa hiyo wenye vyeo wengi walipatikana kwa bahati nasibu. Wajumbe 500 wa baraza walipigiwa kura ya sadfa, wakahudumu mwaka mmoja, wakarudi makwao. Majemadari 10 wao walichaguliwa kwa kunyoosha mikono, kwa kuwa vita havina mzaha. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati nasibu ndiyo desturi ya kidemokrasia, na kuvigawa kwa uchaguzi ni desturi ya utawala wa wachache. Msomaji wa leo, ambaye kwake uchaguzi na demokrasia ni chanda na pete, asiipite sentensi hiyo haraka.

Mwaka 399 KK mahakama ya raia wa kawaida, nao waliopatikana kwa kura hiyohiyo ya sadfa, ilimhukumu kifo Socrates, mwalimu wa Plato. Baada ya hapo likaja wazo la mfalme mwanafalsafa: mtu anayefundwa hisabati, mjadala na utumishi mpaka afikishe umri wa miaka 50, ndipo akabidhiwe nchi. Plato aliwaogopa mabaharia, na nadharia yake yote imejengwa juu ya hofu hiyo.

Huko China hofu ilikuwa nyingine. Confucius (551–479 KK) aliishi wakati madola yakitafunana, na alichotamani ni utulivu usiohitaji upanga. Mtawala mwema, alisema, ni kama nyota ya kaskazini: hukaa mahali pake, na nyota nyingine zote zikaizunguka. Lakini wema huo haukuwa pambo. Tangu nasaba ya Zhou ilipoiangusha Shang, katika karne ya 11 KK, watawala wapya walijitetea kwa hoja kwamba mbingu humpa mtu idhini ya kutawala na mbingu humnyang'anya akiharibu. Hoja hiyo ina makali pande zote mbili, maana anayeitumia kupanda inaweza kutumika kumshusha. Mencius, mfuasi wa Confucius, aliulizwa na mfalme kama ilikuwa halali kumwua mfalme wa mwisho wa Shang. Akajibu kwamba amesikia habari za mwovu mmoja kuuawa. Habari za mfalme kuuawa hajazisikia. Ujasiri wa kumwambia mfalme maneno hayo usoni!

Katika nchi hiyohiyo, maandiko yanayohusishwa na Laozi yaliwapanga watawala kwa madaraja. Wa chini kabisa ni yule anayedharauliwa, juu yake anayeogopwa, juu yake tena anayependwa na kusifiwa. Bora kuliko wote ni yule ambaye watu wanajua tu kwamba yupo. Kazi ikishakwisha husema, tumeifanya wenyewe. Nikisoma tangazo la semina ya uongozi lenye picha kubwa ya mtoa mada, daraja hilo la juu hunijia akilini.

Mtu ninayemwona aliitangulia enzi yake kuliko wengine wote ni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332. Alitumikia majumba ya wafalme kadhaa wa Afrika Kaskazini na Andalusia, akala njama na kuliwa njama, akafungwa jela mjini Fez, na mwishowe akajificha katika ngome moja iliyo Algeria ya sasa kuandika. Muqaddimah, aliyoimaliza mwaka 1377, haianzi kwa kuuliza kiongozi awe na sifa gani. Inauliza ni kitu gani kinachowafunga watu pamoja hata wakamsimamisha mmoja wao mbele. Jibu lake aliliita asabia, yaani ule mshikamano wa kundi linaloishi kwa shida na kutegemeana. Kundi lenye asabia huteka mji, kiongozi wake huwa mfalme, mfalme hukaa katika starehe, watoto wake hukulia humo, na wajukuu hawajui tena walifika pale kwa nguvu ya nini. Kwa hesabu yake, nasaba kwa kawaida haivuki vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40. Angalia alichofanya: alimwondoa kiongozi katikati ya picha akaweka kamba inayomuunganisha na watu. Ilichukua karne nyingi kabla ya vyuo vikuu kurudi kwenye kamba hiyo.

Machiavelli, mtumishi wa serikali ya Florence huko Italia, naye aliandika akiwa ameumia. Familia ya Medici iliporudi Florence mwaka 1512 alifukuzwa kazi, mwaka uliofuata akateswa gerezani, kisha akajikalia shambani akaandika kitabu kidogo kilichochapwa 1532, miaka mitano baada ya kufa kwake. Watu hukumbuka kwamba alisema ni salama zaidi kuogopwa kuliko kupendwa, ikiwa huwezi kupata vyote viwili. Husahau kwamba papo hapo aliongeza: lakini jihadhari usichukiwe. Jipya kwake lilikuwa kutenganisha maswali mawili ambayo wenzake waliyafunga pamoja, la kiongozi mwema na la kiongozi anayedumu. Mpaka leo mabishano mengi kuhusu uongozi hayaishi kwa sababu mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake anajibu la pili.

Haki ya kimungu ya wafalme wa Ulaya, yaani hoja kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewakabidhi kiti, nitaipita mbio. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wafalme waliamba kwa bidii. Shoka lililomkata kichwa Charles wa Kwanza wa Uingereza mnamo Januari 1649 liliikata na hoja yenyewe, ingawa mizizi iliendelea kuchipua kwa muda mrefu.

Mashujaa na walioshuku mashujaa

Wafalme walipotikisika, nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na shujaa. Mwaka 1840, mwandishi Thomas Carlyle alitoa mihadhara sita jijini London akidai kwamba historia ya dunia si chochote ila wasifu wa watu wakubwa. Orodha yake ina nabii, mshairi, kasisi, mwandishi na mfalme, na muhadhara mmoja mzima ulimhusu Mtume Muhammad, jambo lililowashangaza wengi kwa enzi ile. Carlyle alikuwa ameandika historia ya Mapinduzi ya Ufaransa na umati wa barabarani ulimtisha. Shujaa wake ni dawa ya umati.

Mwaka 1869 Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, alilipa wazo hilo sura ya kisayansi. Alipekua koo za majaji, makamanda na wanasiasa wa Uingereza, akaona majina yaleyale yakijirudia, akahitimisha kwamba ukubwa hurithiwa katika damu. Kwamba watoto wa majaji hurithi pia shule, marafiki na mlango uliokwisha kufunguliwa, hilo halikumzuia.

Waliopinga hawakukawia. Herbert Spencer, mwaka 1873, alijibu kwamba kabla mtu mkubwa hajaibadilisha jamii yake, jamii hiyo lazima imtengeneze yeye kwanza. Tolstoy, mwandishi wa Urusi, alikwenda mbali zaidi. Katika riwaya yake kubwa kuhusu vita vya 1812, Napoleon anatoa amri katika mapigano ya Borodino na amri hizo hazitekelezeki: zinafika zikiwa zimechelewa, hali ya uwanjani imekwisha kugeuka, askari wanafanya kinachowezekana mbele ya macho yao. Kwa Tolstoy, mtu mkubwa ni lebo tu inayobandikwa juu ya tukio ili lipate jina. Mimi naona alitia chumvi. Hata hivyo aliyewahi kukaa katika ofisi kubwa, akaona waraka wa mkurugenzi ukifika kwenye dawati la mwisho ukiwa na maana nyingine kabisa, atamtambua Tolstoy.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasosholojia wa Ujerumani Max Weber aliuliza swali jingine: kwa nini watu hutii hata pale ambapo hakuna fimbo? Alipata misingi mitatu. Watu hutii desturi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Hutii kanuni, kwa kuwa mwenye cheo amewekwa kwa utaratibu, na akitoka leo atakayeingia kesho naye atatiiwa. Au hutii mtu, kwa kuwa wanamwona ana kipawa kisicho cha kawaida. Hiki cha tatu alikipa jina kutoka Kigiriki cha kanisa, charisma, neno ambalo kwa Kiswahili cha Biblia ni karama. Siku hizi tunalitafsiri kwa haiba, na tafsiri hiyo imelipunguza uzito. Haiba ni ya mwenye nayo, mtu huamka nayo asubuhi. Karama ya Weber inaishi kwa kutambuliwa: wafuasi wakiacha kuamini, au miujiza ikikauka, imekwisha. Tena ina tatizo la urithi. Nabii akifa, wafuasi hulazimika kuigeuza karama yake kuwa desturi au kanuni, na hapo makarani huingia.

Madodoso na maabara

Karne ya 20 ilileta watu wenye kalamu na fomu. Walianza na Carlyle bila kumtaja: kama viongozi wana kitu cha pekee, na tukipime. Wakapima akili, ufasaha, kujiamini, umri, hata urefu na uzito wa mwili. Mwaka 1948 Ralph Stogdill wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alizikusanya tafiti 124 za aina hiyo, zilizofanyika tangu 1904, akazisoma pamoja. Ziko sifa zilizojitokeza mara kwa mara, lakini hakukuwa na kifurushi kimoja kinachomfanya mtu kuwa kiongozi popote aendapo. Anayeng'aa katika kundi hili hufifia katika lile.

Basi tuache mtu alivyo, tutazame anachofanya. Mlango huo ulikuwa umekwisha kufunguliwa na Kurt Lewin, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933. Kule Iowa, Marekani, yeye pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, na kila kikundi kikapata msimamizi mtu mzima wa mtindo wake. Mmoja aliamuru kila hatua. Mwingine alijadiliana na watoto kisha wakaamua pamoja. Mtindo wa tatu, wa kuwaacha wafanye watakalo, ulizaliwa kwa bahati: mmoja wa wasimamizi alijaribu kuwa wa kidemokrasia, ikaishia kuwa holela, watafiti wakaona hiyo nayo ni aina yake. Matokeo yalitoka 1939, mwaka ambao Ulaya iliingia vitani. Chini ya mwamrishaji baadhi ya vikundi vilinyong'onyea na vingine vikageuka vya ugomvi, watoto wakimsakama mmoja wao. Msimamizi akitoka chumbani, kazi ilisimama. Chini ya mjadala kazi iliendelea hata mlango ulipofungwa. Kwa holela kilichofanyika kilikuwa kidogo na duni.

Kama jaribio ni dogo, na wapinzani wamelisema hilo. Mimi hulisoma kama barua ya mkimbizi. Lewin alitaka kujua kama udikteta uko katika damu ya taifa au katika mpangilio wa chumba, na aliona tabia ya mtoto yuleyule ikibadilika alipobadilishiwa msimamizi.

Kilichofuata ni miongo mitatu ya majedwali, na sitamchosha msomaji. Ohio walipata mihimili miwili, kuwajali watu na kuipanga kazi. Fred Fiedler, mwaka 1967, akasema mtindo mzuri hutegemea mazingira. Kipimo chake kilimtaka kiongozi amfikirie mtu aliyemshinda zaidi kufanya naye kazi, kisha aeleze mtu huyo yukoje. Paul Hersey na Ken Blanchard, 1969, wakasema hutegemea ukomavu wa unaowaongoza. Yote yana ukweli, na yote kwa pamoja yanafikia kusema "inategemea", jibu ambalo mzee yeyote mwenye busara angekupa bila dodoso. Mary Parker Follett alikuwa ameliona mapema zaidi. Katika miaka ya 1920 aliandika kwamba amri ifuatwe kwa sababu hali inaidai, wala si kwa sababu fulani ameitoa, na akatenganisha nguvu *juu ya* watu na nguvu *pamoja na* watu. Baada ya kufa kwake mwaka 1933 alisahauliwa kwa muda mrefu, kisha wakubwa wa taaluma wakaanza kuyagundua upya mawazo yake mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1978 mwanahistoria James MacGregor Burns aliligeuza tena jedwali. Ilikuwa miaka minne tangu Richard Nixon ajiuzulu urais, na Marekani ilikuwa imechoka na siasa za nipe nikupe. Burns alisema hiyo nipe nikupe, kura kwa ajira na utii kwa mshahara, ni uongozi wa daraja la chini. Upo mwingine, wa mageuzi, ambapo kiongozi na wafuasi huinuana hadi wote wakawa watu tofauti na walivyoanza. Hitler je? Burns alikataa kabisa kumwita kiongozi. Kwake alikuwa mtumiaji wa mabavu. Kiswahili kinamsaidia hapo, maana kutawala na kuongoza kwetu ni mambo mawili. Unaweza kumtawala mtu usiyewahi kumwona. Kuongoza kunadai kuwe na njia, na kuwe na wanaokuja nyuma.

Lakini tuseme kweli: Hitler alikuwa na waliokuja nyuma, mamilioni, na wengi walijihisi wameinuliwa. Barbara Kellerman na wengine wamemshikia Burns hapo hapo. Tukiwaita viongozi wale tu tuliowapenda, tumeacha kueleza jambo, tumeanza kusifu. Ni sawa na mganga anayesema sumu si kemikali.

Wazo lililopendwa zaidi katika miongo ya karibuni ni la kiongozi mtumishi. Robert Greenleaf, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Marekani kwa karibu miaka 40, aliandika kijitabu juu yake mwaka 1970. Alisema wazo lilimjia aliposoma hadithi ya Hermann Hesse kuhusu wasafiri wenye mtumishi aitwaye Leo, anayebeba mizigo na kuwachangamsha kwa nyimbo. Siku moja Leo anatoweka, na msafara unasambaratika. Miaka baadaye msimuliaji anagundua kwamba Leo ndiye aliyekuwa mkuu wa jumuiya iliyouandaa msafara ule. Ni hadithi nzuri, na Kiswahili kilikwisha kuwa na maneno mafupi ya jambo hilohilo: cheo ni dhamana. Shida ni kwamba lugha ya utumishi ni rahisi kuvaa. Mtu huitwa mtumishi wa watu huku watu ndio wanaomsubiri juani.

Ukungu wa Tenerife

Mahali ambapo wazo la kiongozi lilibadilika kwa gharama inayohesabika ni chumba cha marubani. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na ukungu ulikuwa mzito. Rubani mkuu wa ile ya Kiholanzi, mtu wa heshima kubwa na mkufunzi wa marubani wa shirika lake, alianza kukimbia ili aruke bila kibali. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, aliuliza kama ile ya Kimarekani imekwisha kutoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakusema tena. Walikufa watu 583.

Desemba 1978, karibu na Portland, Marekani, ndege nyingine ilianguka baada ya kuishiwa mafuta angani. Rubani alikuwa ameshughulishwa na hitilafu ya magurudumu, na wasaidizi wake walimdokeza habari za mafuta bila kumbana. Walikufa watu 10.

Katika ajali zote mbili aliyeshika usukani alikuwa nahodha wa Plato hasa: mjuzi, mzoefu, aliyefundwa kwa miaka. Na ujuzi wake ndio uliowafunga wenzake midomo. Kiswahili kina methali kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini haikusema nahodha mmoja asiyeulizwa hukipeleka wapi. Mwaka 1979 NASA iliitisha kongamano juu ya suala hilo, na kufikia 1981 mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani jambo lisilowahi kuwa somo: mkubwa aombe kupingwa, na mdogo apinge kwa sauti inayosikika, hatua kwa hatua, mpaka asikike. Cheo cha nahodha kilibaki, na neno la mwisho likabaki lake. Kilichobadilika ni kwamba kunyamaza hakukuhesabiwa tena kuwa adabu.

Julai 1989 ndege ya abiria ilipoteza mifumo yake yote ya haidroliki, ile inayoendesha usukani wake, ikiwa angani juu ya Iowa, hali ambayo hakuna aliyekuwa amefundishwa kuikabili. Nahodha Al Haynes aliwasikiliza wote, akampokea hata mkufunzi wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, akamwachia vishikio vya nguvu za injini. Wakajadiliana mpaka chini, Sioux City. Kati ya watu 296, walinusurika 184. Haynes alisema miaka yote iliyofuata kwamba peke yake asingeweza.

Macho ya wanaofuata

Kutoka hapo utadhani shujaa wa Carlyle amezikwa. La hasha. Mwaka 1985 James Meindl na wenzake waliwapa watu masimulizi ya kampuni zilizofanya vizuri sana, wastani au vibaya sana, wakawauliza sababu. Matokeo yalipokuwa ya wastani, watu walitaja mambo mengi. Yalipokuwa makubwa, kwa heri au kwa shari, walimtaja zaidi kiongozi. Watafiti hao waligundua pia kwamba tasnifu za uzamivu kuhusu uongozi huongezeka baada ya uchumi kudorora. Tukiogopa tunatafuta mtu. Waliliita jambo hilo mahaba ya uongozi, na sijaona jina lililolipata vizuri zaidi.

Mahaba hayo yana sura yanayoitazamia. Mwaka 1973 Virginia Schein aliwauliza mameneja wanaume kuhusu sifa za meneja mzuri, za wanaume kwa jumla na za wanawake kwa jumla. Orodha mbili za kwanza zilifanana. Ya tatu ikabaki peke yake. Ilikuwa miaka 13 baada ya Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka kuwa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa waziri mkuu. Matendo yalikuwa yametangulia, picha kichwani ikawa bado inavuta miguu. Alice Eagly na Steven Karau walieleza mwaka 2002 mtego unaotokana na hilo: mwanamke mwenye cheo akiwa mkali huitwa hafai kama mwanamke, akiwa mpole huitwa hafai kama kiongozi.

Hata sifa za kuzaliwa, ambazo Stogdill alionekana kuzifukuza, zimerudi kwa mlango wa nyuma. Uchambuzi wa Timothy Judge na wenzake mwaka 2002 uliona uhusiano kati ya uchangamfu na uongozi, ila uchangamfu ulieleza vizuri zaidi nani anaonekana kuwa kiongozi kuliko nani anaongoza vizuri. Mabaharia wa Plato wangeelewa.

Na chombo cha Plato chenyewe kimerudi, safari hii ndani ya maabara. Mwaka 2009 John Antonakis na Olaf Dalgas walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa Uswisi wa umri wa miaka 5 hadi 13. Waliwachezesha mchezo wa safari ya baharini, kutoka Troy hadi Ithaca, kisha wakawaonyesha picha za nyuso mbili mbili, wakawauliza: ungependa nani awe nahodha wa chombo chako? Watoto hawakujua kwamba nyuso zile zilikuwa za wagombea halisi, walioshindana katika uchaguzi wa bunge la Ufaransa mwaka 2002. Kwa asilimia 71 hivi, uso walioupa usukani ulikuwa wa mgombea aliyeshinda. Watu wazima walioonyeshwa picha hizohizo, wakaulizwa nani anaonekana hodari zaidi, hawakupishana na watoto kwa lolote la maana.